Mawe Yaliyopitisha Maji Bila Mamlaka

Ilikuwapo nchi moja, na huenda bado ipo, iliyolala yote kwenye mteremko. Jina ilikuwa nalo, ila jina hilo lilipelekwa kwenye Kamati ya Kupitisha zamani sana, na mpaka habari hizi zinaandikwa lilikuwa halijarudi. Wenyeji waliiita "hapa", waliohama waliiita "kule", na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Juu kabisa palikuwa na mji wa Kileleni, makao ya Serikali. Huko kila kitu kilikuwa kimefunikwa: barabara kwa lami, viwanja kwa zege, na vikao kwa mapazia. Mvua ikinyesha Kileleni haikupata pa kuzama, ikateremka yote, na mwisho wa mteremko ndipo ulipokuwa mtaa wa Mwishomaji. Serikali haikukaa kimya juu ya jambo hilo. Iliunda idara mbili. Moja ilikuwa Idara ya Maji Yanayotakiwa, ambayo haikuwa na maji. Nyingine ilikuwa Idara ya Maji Yasiyotakiwa, ambayo ilikuwa nayo mengi kupita kiasi. Bwana Mrisho Kapilima alikuwa mhandisi wa idara hii ya pili.

Mrisho alizaliwa Mwishomaji na akalelewa na dada yake mkubwa, Mwanahawa, mwanamke mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Nyumba ya Mwanahawa ilikuwa ya vyumba viwili tu, lakini sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu, na aliisugua kwa nta mpaka mgeni akajiona uso akiinama. Kwa ajili ya sakafu hiyo aliweka sheria mbili. Ya kwanza, piga hodi usubiri. Hodi zikifika tatu bila jibu, geuka uende zako. Mwenye nyumba hayupo, au yupo na hataki kukuona, na yote mawili ni haki yake. Ya pili, vua viatu. Hata fundi wa paa alipanda juu ya bati peku, akiungua nyayo na kuomba radhi.

Maji ya Kileleni ndiyo pekee yaliyoingia kwa Mwanahawa bila hodi na bila kuvua viatu. Kila masika yalimkuta, yakalala sebuleni, yakaondoka yakiacha matope hadi magotini. Kila masika Mwanahawa aliyazoa, akanunua nta upya, na kumwambia mdogo wake, "Wewe si ndiye mkubwa wa maji huko juu? Yafundishe adabu."

*

Mrisho aliyachukua maneno hayo kama agizo la kazi. Alichora mtaro mpana, wa nyasi badala ya zege, utakaoteremka kutoka Kileleni, upite kando ya Mwishomaji, umalizikie mtoni. Ndani ya mtaro alitaka vizuizi vya mawe, yaani matuta mafupi ya mawe yanayoukatiza mtaro kutoka ukingo hadi ukingo, moja baada ya jingine kama ngazi, ili maji yasipate nafasi ya kukimbia.

Kabla ya kujenga alitengeneza mfano nyuma ya ofisi. Lilikuwa sanduku refu la mbao, wazi juu, lililoinamishwa juu ya matofali, likiwa na mchanga chini na kokoto mahali pa vizuizi. Mwisho wa sanduku alipanga viberiti vitupu. Hivyo vilikuwa Mwishomaji. Kimoja alikipaka chini rangi nyekundu. Kisha alimimina maji kwa ndoo, akaangalia, akapanga kokoto upya, akamimina tena. Wenzake walipita na vikombe vya chai wakamwuliza kama amefungua bustani.

Alichojifunza ni hiki. Mawe yakiwa makubwa mno, maji yanapita mbio kana kwamba hakuna kitu. Yakibanwa mno, maji yanajaa nyuma yake, yanatafuta ukingo, yanaukata, na kuteremka kwa njia ambayo hakuna aliyeichora. Lakini mawe yakiwa ya ukubwa wa ngumi, yamekaa bila kubanwa, na katikati ya tuta pameachwa chini kidogo kuliko pembeni, basi maji madogo yanapita kati ya mawe taratibu, na maji makubwa yanavuka pale katikati bila kugusa ukingo. Viberiti vinabaki vikavu.

Mtaro ulijengwa hivyo, na masika yaliyofuata maji yakafika Mwishomaji yamepoa, yakapita kando, yakaenda zake. Mwanahawa alisimama mlangoni akayatazama. Mzee Kibwana, fundi cherehani aliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alitoka na futi shingoni akatazama pia.

"Yanakwenda," Mzee Kibwana alisema, kama mtu asiyeamini.

"Yamefundishwa," alijibu Mwanahawa. "Na mdogo wangu mimi."

*

Balaa lilianza pale ripoti ya Mrisho ilipofika wizarani. Ripoti ilitembea polepole kuliko maji, kwa hiyo ilifika mwaka uliofuata, ukame ukiwa umekaza. Ndani yake, kwa nia njema kabisa, Mrisho alikuwa ameandika hivi: *Mawe yapitishe maji polepole.*

Aliitwa Kileleni. Ukumbini alimkuta Waziri wa Maji ya Aina Zote, Mheshimiwa Tambwe Sharifu, mtu aliyesifika kwamba hajawahi kulowa bila taarifa. Pembeni yake aliketi Bi Nyamizi, Katibu wa Kamati ya Kupitisha, mama mpole mwenye birika la chai mbele yake. Hapana mtu aliyewahi kutoka kwa Bi Nyamizi bila kunywa chai, na hapana aliyewahi kutoka na kitu kingine.

"Mhandisi," Waziri alisema, "nimeisoma ripoti yako. Nimeisoma mwenyewe, sikusomewa."

Ukumbi ulipiga makofi.

"Umeandika kwamba mawe yapitishe maji. Ni maneno yako haya?"

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Mawe haya yaliteuliwa na nani?"

Mrisho alidhani hakusikia vizuri. "Niliyachagua mwenyewe, Mheshimiwa."

"Yamesoma wapi?"

"Yametoka machimbo ya Jiwenyeusi, Mheshimiwa."

"Sikuuliza yametoka wapi. Nimeuliza yamesoma wapi." Waziri aligeukia ukumbi. "Ndugu wajumbe, katika nchi hii bajeti inapitishwa na Kamati. Majina ya watoto yanapitishwa na Kamati. Mimi mwenyewe, mnavyoniona, nilipitishwa na Kamati, na haikuwa rahisi. Leo tunaambiwa kuna mawe, yako porini, hayana kiapo wala mwenyekiti, na yanapitisha! Usiku na mchana yanapitisha! Bila akidi!"

Mrisho aliona kwamba kosa liko kwenye neno, akajaribu kulibadilisha.

"Labda nilikosea kuandika, Mheshimiwa. Niseme mawe yanayachuja maji."

"Kuchuja ni kazi ya Chama," Waziri alisema kwa ukali. "Wagombea wa nchi hii wamechujwa na Chama tangu tupate bendera. Leo tuwaachie kokoto?"

"Basi yanayapenyeza, Mheshimiwa."

"Wapenyezaji wako gerezani."

"Maji yanavuja kati ya mawe..."

Mwandishi wa kikao aliangusha kalamu. Neno kuvuja, katika ukumbi ule, lilikuwa limemhamisha katibu mkuu mzima na familia yake. Bi Nyamizi aliinama akamnong'oneza Mrisho, "Mwanangu, nyamaza. Kunywa chai."

Mrisho alishika kikombe. Alitafuta kichwani neno jingine la kueleza kitu ambacho maji hufanya yakikuta mawe, akaona kwamba yote yamekwisha kuchukuliwa na Serikali.

*

Alipokosa maneno aliomba kuonyesha. Waziri na msafara wake waliteremka hadi nyuma ya ofisi, mwavuli ukiwa umefunguliwa ingawa hakukuwa na wingu, na Mrisho akamimina ndoo ya kwanza. Maji yalipita kati ya kokoto, yakapoa, yakafika viberitini kama mgeni anayejua kwamba ndani kuna mgonjwa.

"Sasa mheshimiwa atazame nikiyaziba mawe," alisema, akayakandika kokoto kwa udongo wa mfinyanzi na kumimina ndoo ya pili.

Maji yalijaa nyuma ya tuta la kwanza. Yalisimama kidogo. Halafu yaligeuka pembeni, yakaumega mchanga wa ukingo, na kuteremka kwa kishindo kidogo cha aibu. Viberiti viliondoka vyote. Chenye rangi nyekundu kiligonga kiatu cha Waziri kikasimama hapo.

Waziri alikisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Huu ndio mfano?"

"Ndio mfano wenyewe, Mheshimiwa."

"Ni mfano mbaya."

"Mheshimiwa, ndivyo maji yatakavyo..."

"Ni mfano mbaya sana kwa wananchi. Mtu anaweza kupita hapa akaona, akauiga. Serikali inataka mfano mzuri."

Mfano mzuri uliandaliwa wiki hiyo hiyo na Idara ya Maji Yanayotakiwa, wataalamu wakubwa wa jambo hilo. Lilikuwa sanduku lile lile, limepigwa vanishi, mawe yamefungwa kwa saruji, na majaribio yalifanyika bila maji. Viberiti havikutikisika. Mfano ulifaulu kwa asilimia mia, na mwakilishi wa viberiti, aliyeteuliwa asubuhi hiyo, alitoa shukrani.

Ndipo likatoka agizo kwamba mawe yote ya mtaroni yapigwe plasta, yapakwe chokaa, na yasipitishe chochote mpaka maji yenyewe yapitishwe na Kamati. Palihitajika sahihi ya mhandisi. Mrisho alisaini.

Tusimhukumu haraka. Aliambiwa kwamba akikataa atahamishiwa idara nyingine, na mtaro utapewa mtu asiye na dada Mwishomaji. Alifikiri moyoni: nikisaini nitabaki karibu na mawe yangu, na siku moja nitayatoboa matundu. Watu wengi wema wa nchi ile walisaini mambo kwa hesabu ya namna hiyo, na hesabu haikuwa mbaya. Kila mmoja aliisubiri tu hiyo siku moja.

*

Mawingu yalianza kujikusanya juu ya Kileleni. Mrisho aliteremka Mwishomaji, akapiga hodi, akaitikiwa, akavua viatu. Ukutani ilisikika cherehani ya Mzee Kibwana ikikimbia.

"Dada, hama. Kaa kwangu mpaka masika yaishe."

Mwanahawa alikuwa anachagua mchele. Hakuinua macho. "Nihame kwa nini? Mtaro si wako?"

"Ni wangu."

"Si uliniambia mawe yanapitisha maji?"

"Yalikuwa yanapitisha. Sasa yamezibwa. Maji yakija yatajaa, yatakata ukingo, yatakuja moja kwa moja hapa."

"Kayaziba nani?"

"Serikali."

"Serikali haijui kushika mwiko wa plasta. Kasaini nani?"

Mrisho alitazama sakafu akajiona uso wake mwekundu.

Mwanahawa aliweka ungo chini. "Ah."

Cherehani ya upande wa pili ilinyamaza. Kuta za Mwishomaji zilikuwa nyembamba. Sauti ya Mzee Kibwana ikaja kupitia ukutani: "Mwanahawa! Tuhame?"

Mwanahawa alimtazama mdogo wake wakati akijibu. "Kaa, Mzee Kibwana! Mhandisi amesaini kwamba ni salama."

"Alhamdulillahi," ilisema sauti, na cherehani ikaanza tena.

"Dada, usifanye hivyo. Mwambie ukweli."

"Ukweli upi? Mtoto niliyemlea hawezi kusaini maji juu ya kichwa changu. Kama alisaini, basi ni salama, nami nakaa. Kama si salama, basi huyo aliyesaini simjui, na siwezi kuhamia kwa mtu nisiyemjua." Alichukua ungo tena. "Unataka nihame? Kayafungue mawe yako kwanza. Ukiyafungua, njoo uniambie, nami nitahama kwa heshima yako, hata kama hakuna haja."

"Sina ruhusa ya kuyagusa."

"Hata ya kuyaziba hukuwa nayo. Ulipewa. Kaombe tena."

*

Akaenda kuomba. Bi Nyamizi alimpokea kwa furaha ya kweli, akammiminia chai.

"Kupitisha maji si kazi, mwanangu. Kamati inakaa kesho kutwa. Ila kuna utaratibu mdogo. Mwombaji hufika mwenyewe."

"Nitafika."

"Si wewe. Wewe ni mdhamini. Mwombaji ni maji."

Siku ya kikao Mrisho aliingia na jagi la maji, alilolipata kwa shida kwa kuwa mabomba ya Kileleni yalikuwa makavu tangu sikukuu iliyopita. Aliliweka juu ya meza. Wajumbe walilitazama kwa hamu ambayo Mrisho aliidhania kuwa ni umakini.

"Mwombaji ajieleze," alisema Mwenyekiti.

Jagi lilikaa kimya.

"Anatoka wapi?"

"Kutoka juu, Mwenyekiti," alisema Mrisho.

Wajumbe walitazamana. Kutoka juu lilikuwa jambo zito. Mjumbe mmoja alipendekeza maji yapitishwe papo hapo kwa kuwa yanaonekana yana mtu huko juu. Mwingine aliuliza kama yana nia ya kurudi. Mjadala ulipamba moto, joto la ukumbi likazidi, na Mwenyekiti, mzee wa kisukari aliyekuwa hajanywa kitu tangu alfajiri, alivuta jagi taratibu, akajimiminia glasi, akanywa. Akajimiminia nyingine. Jagi lilizunguka meza. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Ilipofika wakati wa kupiga kura, Katibu alichungulia ndani ya jagi.

"Mwombaji hayupo," alisema Bi Nyamizi kwa masikitiko.

Shauri liliahirishwa. Akimsindikiza Mrisho mlangoni, Bi Nyamizi alimshika mkono. "Usivunjike moyo. Nitalisukuma mwenyewe hili. Nina mjukuu anayepita mtaroni kule akienda shule." Machozi yalimlengalenga, nayo yalikuwa ya kweli. Huko nje lilidondoka tone la kwanza.

*

Mvua ilinyesha mchana kweupe, watu wakionana. Mrisho alichukua mtaimbo stoo ya idara akakimbia. Hakwenda kwenye kizuizi cha juu. Alijua kutoka kwenye sanduku lake kwamba ukifungua cha juu kwanza, maji yote yanaanguka kwenye cha pili kilichozibwa, na cha pili kwenye cha tatu, na unakuwa umewaharakishia tu watu wa chini ajali yao. Ilibidi kuanza chini na kupanda juu. Basi alianza na kizuizi cha mwisho, kilichokuwa jirani kabisa na Mwishomaji.

Pale alimkuta askari, Koplo Sumbwe, amesimama juu ya tuta jeupe katika koti la mvua, bunduki mkononi. Kijito cha kwanza kilikuwa kinateremka mtaroni kumwelekea.

"Simama!" Koplo alikiamuru. "Nimesema simama! Kibali kiko wapi?"

Kijito kilifika kwenye plasta kikasimama. Koplo alishtuka kuliko mtu yeyote.

"Afande," Mrisho alisema akihema, "shuka hapo. Nataka kuvunja."

"Una kibali?"

"Kinakuja."

"Na maji je?"

"Nayo yanakuja."

Koplo aliyatazama maji yakipanda nyuma ya tuta, kisha akautazama mtaimbo. Alikuwa amepanga chumba hapo Mwishomaji, na mke wake alikuwa mjamzito. "Mimi nimeagizwa kuzuia maji," alisema hatimaye. "Mtu mwenye mtaimbo sikuagizwa chochote juu yake." Akashuka, akageuza mgongo, akatazama kwingine kwa bidii yote.

Mrisho alivunja. Plasta ilibanduka vipande vipande, mawe yakaonekana chini yake, ya ukubwa wa ngumi, bado yamekaa alivyoyapanga. Maji yalipenya kati yake yakaanza kwenda. Alipanda cha pili akavunja. Alipanda cha tatu. Viganja vilichunika, mtaimbo ukawa unateleza kwa damu na mvua. Alianza hata kuhesabu kwamba akiendelea hivi atawahi, na atapiga hodi kwa Mwanahawa kabla ya magharibi na kumwambia: nimeyafungua, dada, sasa hama kwa heshima yangu.

Ndipo aliposikia kishindo. Kilitoka juu, karibu na Kileleni, kwenye kizuizi ambacho hakuwa amekifikia. Kishindo hicho alikifahamu. Alikuwa amekisikia kikiwa kidogo, nyuma ya ofisi, siku ya ndoo ya pili.

Maji hayakuja mtaroni. Yalikuwa yamegeuka pembeni, yakaukata ukingo, na sasa yalikuwa yanateremka kwenye mashamba ya mihogo kwa njia ambayo hakuna aliyeichora, mekundu, mapana, yamebeba milango ya vibanda vya shambani. Yalimpita Mrisho kwa mbali, upande wa kushoto, bila haraka ya kumtazama. Yeye alisimama mtaroni na mtaimbo wake. Chini yake mawe aliyoyafungua yalikuwa yanapitisha vizuri kabisa, maji madogo, safi, taratibu, kama alivyoandika kwenye ripoti.

*

Mwanahawa aliokoka kwa kushikilia mwimo wa mlango mpaka mwimo wenyewe ukang'oka, ukamtupa juu ya jalala. Koplo Sumbwe alimkuta mke wake amepandishwa juu ya paa la msikiti. Mzee Kibwana hakupatikana. Cherehani yake ilipatikana, imelala kifudifudi kwenye matope, uzi mweupe ukiwa bado umeshika sindano.

Watu walichimba. Mrisho alichimba pamoja nao. Alipofika karibu na dada yake, Mwanahawa alihamia upande mwingine na koleo lake. Hakumtukana wala hakumwita jina. Kwa mtu aliyejua sauti ya Mwanahawa, ukimya ule ulitisha kuliko kile kishindo.

Redioni Waziri alilitangazia taifa. Alisema kwamba Serikali imesikia uvumi kuhusu maji. Akafafanua kwamba kisheria maji ambayo hayajapitishwa hayawezi kupita. Na kwa kuwa hayakupitishwa, hayakupita. Na kwa kuwa hayakupita, nyumba zote za Mwishomaji zipo mahali pake, na wakazi wake wote wamo ndani. Aliwatakia mapumziko mema. Ujumbe wa Kamati, alisema, utapita nyumba kwa nyumba kuwasalimia.

Ujumbe ulikuja kweli, jua limewaka, wote wamevaa mabuti. Walikuwa na ramani ya mtaa, na ramani ilionyesha nyumba. Walitembea juu ya matope wakifuata vichochoro visivyokuwapo, wakikata kona kwa adabu mahali palipokuwa na kuta. Palipokuwa na nyumba ya Mwanahawa walisimama. Mwanahawa alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, katikati ya iliyokuwa sebule yake, na kwa kitambaa alikuwa anafuta kipande cha sakafu nyekundu kilichochomoza kwenye matope, kikubwa kama sinia.

Bi Nyamizi alisogea mpaka mahali ambapo ramani ilionyesha mlango. Alimwona Mwanahawa waziwazi, hatua chache mbele yake, naye Mwanahawa akamwona.

"Hodi," alisema Bi Nyamizi.

Mwanahawa aliendelea kufuta.

"Hodi, jamani, wenyewe."

Mjumbe mmoja alikohoa. Kunguru alitua juu ya cherehani.

"Hodi," alisema Bi Nyamizi mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

 Mwandishi aliandika kwamba nyumba ipo, mwenyeji ametoka. Walipogeuka kwenda palipokuwa kwa Mzee Kibwana, Bi Nyamizi alimwona Mrisho amesimama kando na koleo, akamwendea, akamtia mkononi karatasi yenye mhuri.

"Yamepita leo asubuhi, mwanangu," alinong'ona. "Kwa kauli moja. Kuanzia sasa mawe yako yaweza kupitisha." Alitaka kusema jingine, akaacha, akawafuata wenzake. Kutoka upande wa pili alisikika akimpigia hodi Mzee Kibwana.

Mrisho aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, na kwa muda hakujua aende wapi. Kisha alikwenda akasimama pale aliposimama Bi Nyamizi, mahali pa mlango.

"Hodi, dada."

Mwanahawa alichovya kitambaa kwenye kopo, akakikamua.

"Hodi."

Kipande cha sakafu kilikuwa kimeanza kung'aa. Mwanahawa aliinama, akajitazama ndani yake, akafuta tena pale pale.

"Hodi," alisema Mrisho.

Alisubiri. Sheria ya nyumba ile aliijua tangu utotoni. Aligeuka, akavuta mguu wa kwanza kutoka kwenye matope, kisha wa pili.

"Pita," alisema Mwanahawa nyuma yake.

Mrisho alisimama.

"Pita. Hakuna mlango wa kukuzuia." Hakuinua macho. "Lakini vua viatu."

Mrisho aliinama kwenye matope, akafungua kamba kwa vidole vilivyochunika, akavua viatu, akavipanga vizuri kando kwa kando nje ya kizingiti kisichokuwapo, akaingia.